Inchi Nne

Kutoka Lodwar hadi kwetu nilitumia siku mbili. Pikapu yangu ilikuwa ya zamani. Niliinunua kwa mkandarasi niliyekuwa nikimwendeshea boza, lori la kubeba maji, na nilijua kila mlio wake. Nililala Kitale. Asubuhi nikashuka Kakamega na Kisumu, nikapita mashamba ya mpunga ya Ahero, na baada ya Sondu nikaacha barabara kuu, nikaanza kupanda kuelekea Magwagwa. Hapo baridi iliingia dirishani pamoja na harufu ya majani chai yaliyolowa, nami nikalia kidogo. Nilikuwa nimeondoka nyumbani mara tu baada ya kidato cha nne. Nimeishi Mombasa, Garissa, Moyale, Lodwar, na hakuna mahali nilipomaliza miaka minne. Kila nilipokuwa, nilipakumbuka kwetu. Kila nilipokuja kwetu, baada ya wiki moja nilianza kukumbuka kwingine.

Safari hii Mama ndiye aliyenipigia simu. Figo za Tata zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Tata ndivyo tunavyomwita baba. Alitakiwa afike Kisii mjini kila Jumanne na Ijumaa, awekwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Kaka yangu alikuwa Nairobi na mke na watoto wake.

"Wewe una gari," Mama alisema, na simu ikakatika.

Gari lenyewe lilikwama kabla ya kufika nyumbani. Barabara ya kwetu inaacha lami, inashuka hadi kijito, kisha inapanda katikati ya mashamba ya chai. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, na magari ya kubeba majani chai yamechimba mifereji miwili mirefu, katikati pakabaki mgongo wa mawe. Tumbo la pikapu lilikaa juu ya mgongo huo na magurudumu yakazunguka bure. Majirani walinisukuma huku wakinicheka. "Umetoka Turkana salama, unakuja kuzama kwa mama yako!"

Wiki mbili za kwanza Tata alishuka hadi lami kwa pikipiki, mwendeshaji mbele, yeye katikati, Mama nyuma akimshika asianguke. Mimi niliwangojea chini na gari. Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Mashine ilimwacha hana nguvu hata ya kushika kichwa chake. Siku alipotapika juu ya pikipiki, niliamua kuinua pikapu.

Gereji niliyoiendea ilikuwa karibu na Daraja Mbili, Kisii mjini. Fundi alikuwa wa rika langu, mtu wa maneno mengi. Alilala chini ya gari, akatoka akijipangusa.

"Iko chini sana, ndugu yangu. Hiyo barabara yenu itaimaliza."

"Niinulie basi."

"Inchi ngapi?"

Alinitandikia vitu viwili juu ya gunia. Upande mmoja kulikuwa na vipande vya chuma vya kuinua mbele, na bamba moja la kuongeza kwenye springi za nyuma. Hiyo ilikuwa inchi mbili. Upande wa pili ilikuwa seti nzima kutoka nje, springi mpya nene, shoku ndefu za rangi ya manjano. Hiyo ilikuwa inchi nne, na ilikuwa nzuri kutazama.

"Hii kubwa imetengenezewa mzigo," fundi alisema. "Ukienda tupu itakurusha kama punda. Wewe unabeba mzee ama unabeba mawe ya Tabaka?"

Wenzake walicheka. Mimi pia nilicheka.

"Leo nabeba mzee," nikasema.

"Basi mbili inatosha. Huo mlima wenu unapandwa na mbili. Hiyo nne ni ya jangwa."

"Jangwani ndiko nilikotoka. Na naweza kurudi."

Alinitazama kidogo, akainua mabega. "Haya. Ni wewe umesema, si mimi."

Nimelifikiria jibu lile kuliko maneno mengine yote niliyowahi kusema. Tata alikuwa hai, anakunywa uji, anauliza habari za mahindi, na mimi nilikuwa nachagua gari la safari itakayokuja baada yake.

Jioni ile nilipita mgongo wa mawe bila kugusa chochote. Wanaume waliokaa nje ya duka la hapo juu walisimama. "Sasa hii ni ndege!" mmoja akapiga kelele. "Mzee Mogaka, baba yako, atakuwa anaenda hospitali kama waziri!" Tata alitoka na fimbo yake, akalizunguka gari polepole, akaweka kiganja juu ya gurudumu.

"Ni gari zuri," akasema, akarudi ndani.

Ijumaa asubuhi alivaa koti lake la kanisani na kusimama mbele ya mlango wa pikapu. Sakafu ya gari ilimfika karibu na kiuno. Aliinua mguu, ukafika nusu, ukashuka. Akajaribu mguu mwingine. Nilikwenda mbio nimshike kiunoni nimpandishe.

"Rudi nyuma," akasema.

Hakusema kwa hasira. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, heshima na haya kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kutahiriwa. Siingii chumba anacholala baba yangu. Siuoni mwili wake, wala simkumbatii nikambeba kama mtoto. Mjukuu anaweza, maana babu na mjukuu wanataniana na kushikana watakavyo, lakini wajukuu wake walikuwa Nairobi, na mimi katika kuzunguka kwangu kote sikuzaa. Wengi siku hizi hawajali. Tata alijali. Nilikuwa nimekaa ugenini miaka mingi kiasi kwamba, pale gereji, jambo hili halikunipitia akilini hata kidogo.

Mama alileta kigoda cha jikoni. Tata alipanda juu ya kigoda, Mama akamsukuma kwa mabega yake madogo, na mimi nikasimama nimeshika mlango nikitazama migomba. Ilichukua muda mrefu. Njiani zile springi ngumu zilimrusha kila shimo. Alishika dashibodi kwa mikono miwili, hakulalamika. Hospitalini askari wa getini alimteremsha kwa mikono yake, na hilo halikumsumbua, kwa kuwa askari hakuwa mtoto wake.

Jumanne ilikuwa vilevile. Ijumaa ya pili mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Alipokuwa juu ya kigoda mguu mmoja wa kigoda ulizama kwenye tope. Alining'inia kwenye mlango, na suruali, ambayo Mama alikuwa akiifunga kwa kamba maana alikuwa amekonda sana, ilianguka hadi miguuni. Niligeuka, lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Naye aliona kwamba nimeona.

Mama alimvisha. Nikasikia akimbembeleza, kisha nikasikia sauti ya Tata, ya chini.

"Leo nimechoka. Tutaenda siku nyingine."

"Mogaka, damu haingoji."

"Nimesema nimechoka."

Niliendesha peke yangu hadi Kisii. Nilimwambia fundi airudishe pikapu ilivyokuwa, siku hiyohiyo, nitangoja hapohapo.

"Springi zako za zamani nilifungia mtu mwingine," alisema. Safari hii hakufanya mzaha. "Jumatatu nitapata zingine. Lete Jumatatu."

Nikapita kwa jirani mwenye gari dogo la chini, akakubali kumpeleka Tata kesho yake, na vijana wakaahidi kulisukuma pale kwenye mgongo wa mawe. Nilifika nyumbani nimefurahi. Tata alikuwa ameketi kando ya moto, miguu imevimba.

"Tata, kuna gari la chini. Unaingia tu na kukaa."

"La nani?"

Nikamtajia.

"Watu wote huku wanajua mwanangu amekuja na gari," akasema. "Nipite mbele ya duka nikiwa kwenye gari la mtu mwingine, watasema nini juu yako?"

Mama alimsihi. Mchungaji alikuja Jumamosi, siku yetu ya Sabato, baada ya ibada, akamsihi pia. Tata alimsikiliza kwa adabu, akamwomba amwombee, akaagiza apewe chai. Nilipiga magoti mlangoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Akasema, "Inuka, umekuwa mtu mzima. Jumatatu si mbali."

Jumapili mchana alishindwa kuvuta pumzi, akafa mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama. Mimi nilikuwa nje, nikiwa nimelisogeza gari hadi karibu na mlango.

Tulimzika kando ya nyumba yake. Kaka alikuja na watoto, na mkubwa wao, msichana mrefu mwenye mabega kama ya babu yake, alisaidia kubeba viti. Nilimtazama siku nzima. Angemwinua Tata kwa mkono mmoja.

Nilikaa hadi mahindi yalipovunwa. Sikwenda gereji tena. Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka nilimwambia Mama nililokuwa nimelificha, kwamba fundi aliniambia inchi mbili zinatosha, nami nikataka nne kwa ajili ya njia za mbali. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Alijua," akasema. "Siku ile ulipolileta aliingia ndani akaniambia, hili si gari la hapa. Mtoto huyu bado yuko safarini."

"Mbona hakuniambia nilirudishe lilivyokuwa?"

"Alikuwa amefurahi kwamba umekuja. Hakutaka uone kama umekosea."

Asubuhi aliniwekea ndizi za kuchemsha kwenye kitambaa. Gari la majani chai hupita mapema, kwa hiyo hakungoja kunisindikiza. Alijitwika kikapu chake, akanishika bega, akashika njia ya kituo cha kupimia majani. Nilikunja virago vyangu, nikafunga mlango wa nyumba ndogo ya wageni pale uani nilimokuwa nikilala, na ufunguo nikauacha juu ya kaburi mahali ambapo angeuona akirudi. Sijarudi tangu siku hiyo.