Kwapa la Gauni la Mama

Mume wangu alikuwa mwongo, ila mwongo mwenye mapenzi. Alitangulia Zambia kufanya kazi mgodini, kisha akaniandikia barua: njoo, nimekutafutia kazi kiwanda cha nguo, nimewaambia wewe ni fundi cherehani wa siku nyingi. Jamani! Mimi cherehani nilikuwa naiona barazani kwa watu tu. Na chini kabisa akaongeza kwamba bila kazi hiyo kodi ya chumba hatuiwezi, itabidi nirudi kwetu.

Lori la kunipeleka lilikuwa linaondoka baada ya wiki tatu. Nikaenda mjini, mtaa wa Katandala, kwa fundi mmoja mzee aliyeshonea kwenye baraza la duka la kaka yake. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza aibu yangu. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Marahaba, binti. Wiki tatu? Mimi nimejifunza miaka, na kupachika mkono wa gauni bado kunanitoa jasho."

Siku za kwanza niliikanyaga ile cherehani ikaenda kinyumenyume, uzi ukakatika, mzee akamwita Mungu wake. Hatimaye mistari nikaiweza. Ikabaki kushona gauni zima, na kitambaa enzi zile kilikuwa adimu kuliko nyama. Duka la kijiji chetu cha ujamaa lilikuwa limeletewa majora ya aina moja tu, maua ya zambarau, kila kaya ikagawiwa kipande. Katibu wa kijiji alishona shati, mkewe gauni, majirani hivyo hivyo. Ukituona kwenye shamba la kijiji ungedhani ni kwaya.

Mama alikuwa hajashona chake. Akakitoa sandukuni, akanitupia magotini.

"Kata."

"Mama, nikikiharibu?"

"Nitavaa hivyo hivyo. Kata, usinichoshe."

Na huyo ndiye aliyekuwa hataki niende. Alishasema wazi kwamba Zambia ni mbali na mume wangu hana akili. Ndiyo maana kile kitambaa kiliniuma sana.

Nikakiharibu. Kwapa la kulia nililibana mpaka Mama akawa hawezi kuinua mkono kupita bega. Fundi alilitazama, akasema tu, "Mungu akutangulie huko uendako."

Asubuhi ya safari kijiji kizima kilijipanga barabarani na maua yake ya zambarau, yamewakaa vizuri wote isipokuwa Mama. Alikuwa amelivaa lile gauni! Nikaona haya, nikatamani dereva awahi kuwasha gari. Tulipoondoka watu wakapunga mikono, Mama akapunga wa kushoto. Halafu sijui nini kilimpata, akauinua na wa kulia, mpaka juu kabisa. Kwapa likafumuka hadi kiunoni. Wanawake wakapiga kelele, mmoja akakimbilia kumfunika kwa kanga. Mama hakushusha mkono. Alipunga hivyo hivyo mpaka tukakata kona, nami nikalia kama mtoto juu ya magunia ya watu.

Kule kiwandani msimamizi alinipa gauni moja lililokwisha katwa, nilishone kama jaribio. Nilianza na mkono wa kulia, taratibu. Nilipomaliza akaligeuza, akaingiza ngumi yake kwapani, ikapita na nafasi ikabaki.

"Mshono safi, kesho uje kazini," akasema. "Lakini mbona kwapa pana hivi?"

"La kupungia," nikamwambia.