Kadi ya Mtu Mmoja

Mimi foleni nazichukia, na sioni haya kusema. Nilikulia kambini Kigoma, mtoto wa Warundi waliokimbia, na utoto wangu niliumaliza nyuma ya mgongo wa mtu mwingine: foleni ya maji, foleni ya unga, foleni ya sindano, na foleni ya kuandikishwa ili kesho upange foleni. Kwa hiyo siku niliposikia kwamba Marekani na Kanada zina kadi ya wasafiri wa kuaminiwa, kwamba ukiwa nayo unapita mpakani kwa njia yako huku wenzako wamejipanga juani, nilisema hiyo ni yangu. Hata bei sikuuliza.

Tulikuwa tumetawanyika. Mimi Louisville, huku South End, nikifanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Dada yangu, mdogo wangu anayenifuata, alikuwa Columbus, akilea wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee. Mama na kitinda mimba wetu walipelekwa Kanada, mji wa Hamilton, mwendo wa saa moja na kidogo ukishavuka daraja la Buffalo. Waliopanga mafaili ya kutuhamisha kambini waliangalia kadi za chakula, na mimi na dada tulikuwa tumeshaoa na kuolewa, tuna kadi zetu. Basi sisi huku, mama kule. Tulipopata uraia na pasipoti ndipo tukaanza kwenda kumwona: natoka Louisville, nampitia dada Columbus, tunashika njia ya Buffalo, tunavuka.

Siku nyingine zote tulikuwa na simu. Kila Jumapili baada ya ibada mama alitupigia wote kwa pamoja, akituita mmoja mmoja kama mwalimu mwenye daftari la mahudhurio. Mimi nasema, "Naam, mama." Dada anasema, "Abee, mama." Ndivyo alivyotulea: wa kiume naam, wa kike abee, na ukiitika "nini" kofi halikukosi. Nilikuwa namtania dada, "Mama mzima wa watoto watatu, bado abee tu?" Naye hanibakizi. "Na wewe mzee mzima, bado unanuna tu?"

Fomu zetu mbili za kadi nilizijaza mimi, kwenye kompyuta ya maktaba. Wanataka kila mahali ulipolala miaka mitano, kila kazi, kila nchi uliyokanyaga. Tarehe ya kuzaliwa, mimi Januari mosi, dada Januari mosi, kwa sababu karani wa kambini alituzaa siku moja pamoja na nusu ya kambi. Nilidhani tutakwama hapo. Wapi! Tulikubaliwa sote, tukabakiwa na usaili tu, ana kwa ana, kwenye ofisi yao ya darajani. Nikatuombea siku moja, saa nane na nusu mchana, tuende kwa gari moja.

Nilimwambia dada, "Saa mbili kamili asubuhi nikukute umesimama nje."

Nilifika Columbus saa mbili kasorobo. Saa mbili ikagonga, hayupo. Nikapiga honi. Dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka, dada huyo, unga hadi kwenye viwiko. "Kaka, dakika tano! Nageuza za mwisho!"

Chapati. Kwetu mtu hasafiri bila cha njiani, na mama wakati huo figo zilishaanza kumsumbua, chakula anakisukuma pembeni, ila chapati za mkono wa dada alikuwa anazila. Nilikuwa nayajua hayo yote. Lakini nilikuwa nimeamka alfajiri, na damu yangu ikikaa inasubiri inachemka. Dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa ishirini. Nikapiga honi tena hadi mzungu mmoja akatoka na mbwa wake kunitazama. Nikatia gia, nikaondoka.

Ndiyo, niliondoka. Dada alinipigia nikiwa nimeshaingia barabara kuu, sikupokea. Akatuma ujumbe: "Kutangulia si kufika, kaka." Nikasonya peke yangu ndani ya gari.

Nilifika ofisini nikiwa na saa nzima ya kukaa bure. Saa nzima! Chapati zingegeuzwa, zikafungwa, na tukafika. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama ukuta. Baadaye maafisa wawili, mmoja wa kila nchi, wakaniuliza maswali yao, wakachukua alama za vidole na picha ya macho. Kadi ikaja kwa posta. Dada alikuwa amepoteza nafasi yake, akaomba tarehe nyingine, akapewa ya miezi mingi mbele.

Kwa mama alisema amechelewa mwenyewe. Mama hakudanganyika. Alinipigia katikati ya wiki, nikiwa mapumziko ya kazini.

"Ulimwacha mdogo wako?"

"Mama, alichelewa, na mimi nilimwambia..."

"Nimekuuliza, ulimwacha?"

"Nilimwacha."

Nikasikia anavuta pumzi. "Kambini nilikuwa nakupa mkono wake mnakwenda bombani. Watu wanasukumana, wewe humwachii. Leo una gari ndiyo unamwachia? Usimwache tena."

"Sitamwacha tena, mama."

Nilisema hivyo nimesimama kati ya makasha, na nilikuwa namaanisha.

Kadi nayo niliitumia, nisiseme uongo. Safari tatu nilikwenda peke yangu, siku ambazo dada hakupata ruhusa kazini. Magari yamejipanga darajani, watu wameshusha vioo wanapunga upepo, mimi napita pembeni kama bwana harusi. Afisa anaangalia kadi, anauliza nimebeba nini, nakwenda wapi, basi. Nikirudi Louisville nawaonyesha wenzangu kadi wakati wa chakula. Nilijidai, we acha tu. Mtu ambaye maisha yake yote ameulizwa karatasi, leo nchi mbili zinamwambia tunakuamini, pita.

Halafu figo za mama zikagoma kabisa. Madaktari walitaka kuendelea na mashine ya kusafisha damu, mama akasema imetosha. Kitinda mimba alinipigia asubuhi ya Ijumaa, sauti imekauka. "Kaka, njooni. Wote."

Sikurudi hata nyumbani kubadili nguo. Nilimpigia dada kutoka kwenye maegesho ya kazini, nikaendesha. Nilipokata kona ya mtaa wake Columbus, nilimkuta amesimama nje, begi begani, mfuko mkononi, viatu vya kazi bado miguuni. Sijui alisimama muda gani. Aliingia, akafunga mkanda, akasema, "Twende." Nikakanyaga mafuta.

Tulipokaribia Buffalo nilimpigia jirani yetu wa zamani kambini, ambaye anakaa Lackawanna, kando ya Buffalo, na anavuka mara kwa mara. Akasema, "Piteni kwangu kwanza. Leo ni balaa." Ilikuwa Ijumaa ya mapumziko marefu, kila mwenye gari anakwenda kwa ndugu. Tulimkuta mlangoni, simu mkononi. Akatuonyesha bango la darajani kwenye simu: kusubiri zaidi ya saa mbili. Madaraja mengine ni yale yale.

"Na njia ya kadi?" nikauliza.

"Iko wazi."

Sheria ya njia ile ni kwamba kila aliye ndani ya gari awe na kadi yake, hata mtoto mchanga. Ukimpitisha asiye nayo wanakuweka pembeni, wanakuuliza hadi ukome, na kadi wanaichukua. Sote watatu tulilijua hilo. Na tarehe ya usaili wa dada ilikuwa bado haijafika.

Simu ikaita, kitinda mimba. Niliweka sauti ya nje. "Mko wapi? Anapumua kwa shida. Anauliza mko wapi."

Jirani akasema, "Wewe tangulia. Mimi namleta na gari langu, nyuma yako."

Nilimtazama dada. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema tutakaa foleni pamoja, Mungu anajua. Nilikuwa nimeahidi. Na nikiwa mkweli, kabla dada hajafungua mdomo mkono wangu ulishashika funguo.

"Nenda, kaka," akasema. "Mmoja wetu awepo." Akashusha mwenyewe begi lake na mfuko kutoka kwenye gari langu.

Nilivuka kwa dakika nne. Afisa aliuliza nakwenda wapi, nikasema kwa mama, akanirudishia kadi na kunitakia siku njema. Kwenye kioo niliona magari yamefunika daraja lote, na sikuweza kujua lipi ni lao.

Hospitalini Hamilton, mama nilimkuta hai. Macho ameyafumba, mwili umekuwa mdogo, lakini akili iko. Nilimshika mkono, nikamsalimu, hakunijibu. Akamwita dada, kwa lile jina la utotoni ambalo sisi tu tunalijua.

"Yuko njiani, mama," kitinda mimba akasema.

Akaita tena, kwa ukali ule wa kumwita mtoto aliyechelewa kuitika. Kitinda mimba akanitazama, akageukia ukutani. Dada yangu alikuwa analipwa kuwaogesha mama za watu, kuwageuza, kuwashika mikono wakati wao ukifika, na saa ile yuko juu ya daraja anatazama taa za gari lililo mbele yake. Mama akaita mara ya tatu.

Nikainama hadi sikioni, nikaishusha sauti ikawa pumzi tu. "Abee, mama."

Uso wake ukalegea. "Umefika."

"Nimefika."

"Leo kaka yako hakukuacha?"

Mungu wangu. Nilidhani nimekufa mimi kabla yake.

"Hakuniacha, mama," nikasema. "Tumekuja wote."

"Afadhali," akasema. Hakusema tena neno lolote, na baada ya muda mfupi hakupumua tena.

Dada alifika zaidi ya saa moja baadaye. Alinikuta kwenye kiti cha korido, jirani nyuma yake akavua kofia. Hakuuliza mama yuko wapi. Alikaa kando yangu, mfuko mapajani.

"Aliniita?"

"Alikuita."

"Nani aliitika?"

"Mimi."

"Uliitika nini?"

"Abee."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamwambia yote, alichouliza mama na nilichojibu, kwa sababu nilijua nisiposema pale sitasema maisha yangu yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umemdanganya mama kwa sauti yangu," akasema.

"Ndiyo."

Alilia sana, nami sikuthubutu kumgusa. Kisha akajifuta uso kwa kilemba, akafungua mfuko, akatoa karatasi ya foili. Ndani zilikuwa chapati mbili tu, ndogo, laini, za mgonjwa. Alitazama kwanza mlango wa chumba cha mama.

"Kula," akasema. "Hujala tangu asubuhi."

Akanipa zote mbili.