Ajua Kwenye Kompyuta

Stima ilipotea hapa mjini Rangwe, ikarudi kwa kishindo na kuua diski ya kompyuta yangu ya Linux. Kwenye saiba yangu, kiduka cha intaneti na uchapishaji, alikuwa ameketi mjane, akingoja nimchapishie ratiba ya mazishi ya mumewe. Mazishi yalikuwa kesho yake. Nililaani stima na waliotuletea. Nikatia diski mpya, nikaweka Linux upya, kisha nikachomeka flashi nilimohifadhi orodha ya kila kitu kilichokuwa kwenye mashine. Kompyuta ikaanza kuvipakua upya mtandaoni kimoja kimoja, bando za data zikiyeyuka.

Lakini orodha haichagui. Pamoja na programu ya kuandikia, ikarudi ajua, ule mchezo wa bao ambao marehemu alinisihi nimwekee. Alikuwa akija kuucheza kila alasiri.

Mjane akauona kwenye skrini. “Hiyo ni nini, mwanangu?”

Nikamweleza kabla sijafikiri.

“Aliniambia anakuja kutafuta kazi.”

Nilikodolea macho kibodi. Mjane akauliza, “Alikuwa anashinda?”

Nikamwambia ndiyo, mama, sana. Mashine ile haikuwahi kumwachia ashinde hata mchezo mmoja.