Wana Hiti wa Bi Tatu

Wanaosema niliota, wajukuu zangu, waulizeni hivi: aliyeota huamka na mafuta ya mbarika viganjani?

Ilikuwa kijijini Dunda, Waingereza bado wanatawala, nami sijavunja ungo. Kwetu msichana akivunja ungo, akawekwa ndani kuwa mwali, hupewa mwana hiti, mwanasesere wa mti asiye na mikono wala miguu. Humwogesha, humpaka mafuta, hulala naye kama mtoto wake wa kumzaa. Dada yangu Zena alipewa wake, akafariki kabla hajatolewa nje. Mwana hiti wa msichana aliyekufa hivyo hakuna nyumba inayomtaka. Mama yangu, Mwanahawa binti Sefu, akampeleka kwa Bi Tatu binti Kondo, mjane aliyekuwa akiwalea wote wa namna hiyo, toka Makurunge mpaka Mkange.

Basi wazungu wakasikia. Wakawa wanakuja na motokaa kutoka Dar es Salaam kutazama ukuta mzima wa wana hiti na kupiga picha. Wakamwambia Bi Tatu asiwapake tena mafuta. Wakikauka na kuingia vumbi ndivyo wanavyopendeza, wanaonekana wa kale. Naye akaacha. Niaminini, tangu hapo mama akawa halali. "Mtoto analia," anasema. Mtoto gani? Mdogo nyumbani nilikuwa mimi!

Siku moja tukasikia mzungu kamchagua wa Zena, kesho anaondoka naye kwenda Ulaya. Mama hakugusa chakula. Akanituma: "Kamwombe Bi Tatu. Mpigie magoti. Usirudi mikono mitupu."

Nilifika alasiri. Nikapiga hodi, sauti ndogo ikajibu karibu, mlango nikausukuma ukafunguka. Uani nikamkuta msichana kajifunika kaniki mpaka usoni, kama mwali. Wana hiti wote kawashusha, kawalaza mkekani, anawapaka mafuta mmoja mmoja. Nikadhani ni mgeni wa Bi Tatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Bado unaburuza miguu kama bata mzee?"

Aliyekuwa akinitania hivyo duniani ni mmoja tu, na kaburi lake nalijua.

Akaniwekea mwana hiti wake mikononi. Alikuwa wa moto, jamani! Wa moto kama kichanga aliyeinuliwa usingizini. "Mpelekee mama. Mwambie keshanyamaza."

Mara Bi Tatu akaingia na ndoo ya maji. "We mtoto, umepita wapi? Mlango nimeufunga mwenyewe, ufunguo huu hapa!"

Nikageuka kumwonyesha dada. Kaniki tupu, imelala mkekani.

Bi Tatu akamshika mwana hiti mmoja, akamshika mwingine. Wote wanang'aa, mafuta yanachuruzika. Akakaa chini pale pale. "Na humu ndani," akasema taratibu, "sina hata tone la mbarika."

Kesho yake motokaa ilipokuja, alimjibu mzungu dirishani: "Watoto wamelala." Hakufungulia wageni tena mpaka anakufa. Na mama, usiku ule niliporudi na mwana hiti, alilala kama gogo.

Mwana hiti huyo ninaye. Binti zangu wote wamepita naye mikononi. Kila Ijumaa nampaka mafuta. Nikisahau, kilio nakisikia mwenyewe.

Nanyi mkimkuta mmoja ndani ya kabati la kioo, kakauka, watu wanausifu ukale wake, msicheke. Msalimieni kwa upole, kisha ondokeni. Mama yake yuko njiani.