Atupele na Ndege Nyeupe ya Kisarawe

Atupele alikuwa amevuka miaka hamsini aliponunua ndege. Si ya kupanda. Ile ya kuchezea inayorushwa kwa rimoti, na tena iliyokwishatumika. Aliiona kwenye kundi la WhatsApp la wauzaji wa vitu mchanganyiko, katikati ya majiko na makochi, na siku nzima pale Kibaha ofisini kwake ile picha haikumtoka. Alikulia Tukuyu, jirani na shamba la chai lenye kiwanja cha majani. Ndege ndogo ikitua pale, watoto walikuwa wanaacha ndoo kisimani na kutimua mbio. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kurudi, na kila mara alichapwa.

Jumamosi akaenda Kisarawe. Muuzaji, fundi simu aitwaye Seif, alimwamkia, akampa kiti, kisha akaishusha ndege kutoka juu ya kabati. Ilikuwa nyeupe, ya lile povu gumu linalokuja na televisheni mpya, na bawa moja lilikuwa limevunjika na kuungwa kwa gundi nyingi.

"Mama, nisikufiche," Seif alisema. "Niliirusha mara moja tu, ikaenda kujichimbia kwenye mihogo ya baba mkwe. Tangu siku hiyo mke wangu Hamisa hataki kuiona."

"Mota inazunguka?"

Seif akachomeka betri. Pangaboi la mbele likavuma, risiti zikaruka hadi mlangoni, na Atupele akajikuta anacheka peke yake. Akainunua.

Nyumbani Visiga, mumewe Laurean, mwalimu mstaafu mwenye banda la kuku, aliikagua kuanzia pua hadi mkia.

"Mama Lusajo, hii inataga?"

"Inaruka."

"Hata kuku wangu wanaruka."

Kila jioni Atupele alikaa nayo barazani. Alikwangua gundi iliyolielemeza lile bawa, akaliunga upya na kupitisha kijiti cha mwanzi ndani yake. Vigurudumu vilikuwa vya kuteleza sakafuni, si vya majani. Akavitoa, akafunga vikubwa alivyovichomoa kwenye gari bovu la kuchezea. Nyaya za kuvuta mkia zilikuwa zimepinda, akaweka spoki za baiskeli. Betri ilikuwa imevimba, akanunua nyingine Kariakoo, lakini hiyo mpya ikawa nzito: akiinyanyua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa, pua inainama. Akawa anaisogeza nyuma kidogo kidogo, hadi ndege ikatulia juu ya vidole vyake.

Siku ya kwanza waliipeleka kwenye uwanja mmoja kule Pangani, hapo hapo Kibaha. Ilikimbia kwenye majani, ikanyanyuka, na moyo wa Atupele ukanyanyuka nayo. Ila mawingu yalikuwa meupe na ndege ilikuwa nyeupe, asijue inakwenda au inarudi. Ilipogeuka kumjia, akataka kuipeleka kushoto, ikaenda kulia, ikaishia kichakani. Mkia ukakatika.

Walirudi nyumbani. Laurean akachemsha chai, akidhani mambo yameishia hapo.

"Ndege haina tatizo," Atupele alisema hatimaye. "Ikinijia uso kwa uso, kushoto kwake ni kulia kwangu. Mikono yangu haijazoea."

Laurean akaweka kikombe chini, akatoka uani, akanyoosha mikono pande zote mbili.

"Basi nirushe mimi."

Atupele akashika rimoti iliyozimwa. Kila alikosukuma kijiti alitamka, na mumewe akageukia huko, bega moja chini, bega moja juu. Mara mbili akamgongesha kwenye banda, kuku wakapiga kelele. Jirani yao Marselina akachungulia juu ya ua.

"Mwalimu, mzima kweli?"

"Mzima, mama. Natafuta pa kutua."

Atupele alicheka hadi akakaa chini. Lakini wiki ile, jioni zote, Laurean aliruka, na taratibu mikono ya mkewe ikaelewa. Mkia ukaunganishwa. Chini ya mabawa Atupele akapaka rangi nyekundu iliyokolea, juu akaacha nyeupe, ili hata kwa mbali ajue ndege imelala upande gani.

Jumapili, baada ya ibada, wakarudi uwanjani na nguo zao za kanisani. Ndege ikapaa. Atupele akaizungusha juu ya minazi, wekundu ukaonekana, ukajificha, ukaonekana tena. Kisha ikageuka na kumjia moja kwa moja. Laurean akabana pumzi. Atupele hakuhitaji kufikiri. Vidole vilikwenda vyenyewe, na ndege ikapinda taratibu ikawapita, ikivuma.

Aliishusha kwenye majani. Ikadunda, ikadunda tena, ikasimama ikiwa nzima.

Laurean alivua kofia, akajifuta jasho kana kwamba ni yeye aliyetoka angani.

"Rusha tena," akasema.