Siku Baba Alipopiga Lipu Bila Kuona

Nyumba yetu ya Nyakato ilikaa miaka mingi matofali yakiwa wazi, bila lipu ya saruji. Baba alikuwa fundi mwashi, lakini saruji haikuwepo madukani, na iliyopatikana ilitoka kwa kibali cha serikali. Wafanyabiashara waliporuhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje, saruji ikarudi, macho ya baba yakaondoka. Alipata mtoto wa jicho, akabaki kuona mwanga na vivuli tu.

Siku mifuko ya saruji ilipoingia ndani alisema, "Tafuteni fundi." Akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake.

Mimi, binti yake mkubwa, nikamfuata. "Baba, si mlikuwaga mnapigilia mbao ukutani mkifundisha vijana?"

"Zile ni za wanaojifunza."

"Mkono ukifuata mbao, macho ya nini?"

Akauliza, "Timazi yangu ipo?"

Asubuhi tulipigilia mbao mbili nyembamba kwenye ukuta wa sebule, wima, unene mmoja. Nilishika uzi wa timazi wa kupimia wima, nikamwelekeza: "Kushoto kidogo. Hapo hapo." Aliulowesha ukuta, akatupia udongo wa saruji katikati ya mbao, kisha akalaza ubao mrefu juu ya zote mbili na kuuvuta kwenda juu. Udongo uliozidi ukadondoka miguuni pake.

Mama alisimama mlangoni. "Utaanguka, mzee wangu!"

"Angalia ukuta, usiniangalie mimi."

Mara baba akausimamisha ubao. "Mbao ya kulia imecheza."

Nilichungulia. Kweli, msumari ulikuwa umelegea. Na udongo ulikuwa umeanza kukauka. Nilipigilia upya huku yeye akiishikilia mbao kwa kiganja, akauvuta ubao tena, taratibu. Tulipozing'oa mbao, akajaza mifereji iliyobaki na kuisawazisha kwa mwiko.

"Niambieni ukweli," alisema. Jasho lilimtiririka.

Mimi niliona pamenyooka, lakini alitaka mama ndiye aseme. Mama akaja, akafumba macho, akaupitisha mkono wake karibu na ukuta, kisha akaugusa kidogo kwa ncha za vidole, kutoka kona hadi kona.

"Kama meza," alisema, akacheka, na machozi yakamtoka.

Baba alishusha pumzi ndefu sana. Alinawa, akala ugali na samaki sato mzima, akajilaza mkekani palepale sebuleni. Muda si mrefu akaanza kukoroma, nasi tukawa tunanong'ona.