Jiwe Lililotema Mafuta

Iweke chini hiyo chupa ya asidi, mwanangu, uje ukae hapa kidogo. Wageni wa Kakuma hawafiki mpaka jioni, na hilo doa la mafuta kwenye marumaru halikimbii.

Nakumbuka siku moja huko Lodwar, sijafika hata miaka ishirini, nikisafisha nyumba ya wageni. Kaunta ya bafuni ilikuwa ya marumaru nyeupe. Mimi, mtoto wa kuchunga mbuzi kule Lorugum, nilipoiona mara ya kwanza nilisimama tu mlangoni na ndoo yangu. Sikujua jiwe linaweza kung'aa namna ile.

Wiki hiyo nyanya yangu, tuliyemwita Ata, alikuja mjini kutibiwa macho. Chumba kilikuwa hakina mgeni, nikamwingiza kwa siri aoge. Alipotoka, kibuyu chake cha mafuta na udongo mwekundu, yale ya kujipaka, kilikuwa kimeacha duara jekundu juu ya jiwe. Mwenye nyumba alikuwa mama mkali, naye angerudi kesho yake, na mshahara wangu ndio uliosomesha wadogo zangu wawili.

Basi nikamgombeza Ata. Ndiyo, mimi, nikamgombeza aliyenilea! Nikamwambia uchafu wake angeuacha kwao porini. Nikakamua ndimu, nikamwaga, nikasugua kwa waya wa sufuria. Doa halikutoka. Kilichotoka ni mng'ao. Pakabaki na ukungu kama jicho la Ata mwenyewe.

Ata akanishika mkono, akanisogeza kando. Kwa kuwa haoni vizuri, alilipapasa lile jiwe kwa vidole, taratibu, akauliza limetolewa mlima gani. Nikasema sijui. Ndipo akaniambia kwa Kiturkana, "Unalipiga kwa nini? Limekunywa tu, kama ngozi inavyokunywa. Lipe kitu chenye kiu zaidi."

Akafungua kifurushi chake, akatoa udongo mweupe aliokuwa akitolea mafuta kwenye ngozi zake za mbuzi. Akaukoroga na maji kidogo ukawa mzito kama ugali mlaini, akaupaka juu ya doa, akanikataza kuugusa mpaka ukauke wenyewe.

Kesho yake mchana niliubandua. Udongo umekuwa mwekundu, na chini yake jiwe jeupe pe! Haki ya Mungu, mwanangu, nilikaa sakafuni nikilitazama. Nimesali kanisani miaka mingi, lakini siku ile ndipo nilipojua kuogopa kwa furaha. Kitu kigumu hivyo kimetoa kilichokunywa, bila kupigwa.

Ila pale pa ndimu palibaki vilevile. Doa la Ata lilitoka, langu likakataa.

Mwenye nyumba aliporudi nilimweleza yote, hata siri ya kuoga. Alipapasa pale pabovu, kisha akauliza yule mzee yuko wapi. Nikajua tumekwisha. Kumbe alikwenda kumwamkia kwa Kiturkana, "Ejok, mama," akaketi naye chini na kumwuliza habari za udongo wake. Kazi sikuipoteza. Nilipafuta pale miaka kumi na moja, na kila nikipafuta nilikumbuka yale maneno ya uchafu na porini. Ata alikufa sijamwomba radhi. Yalimwingia, najua, na udongo wa kuyatoa sikuutafuta mapema.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Marumaru usiipe ndimu, wala siki, wala hiyo asidi ya choo. Ioshe kwa sabuni laini na maji, uikaushe kwa kitambaa. Mafuta yakishaingia, paka udongo mweupe uliolowa, kisha uwe na subira, na hapo kwenye subira ndipo wengi wanaposhindwa. Na mtu wako akikuaibisha mbele ya jiwe la watu, meza hilo neno kwanza. Jiwe fundi anaweza kulisugua upya na mashine yake.

Akuj, Mungu wetu Waturkana, akupe mkono mpole na macho ya kuona hata yakishazeeka. Wakukumbuke kwa ulichokisafisha. Haya, niletee ule udongo mweupe ninaouweka pale dirishani, tulitoe doa pamoja.